TELA AU LORI? Mazungumzo kwa Wakulima juu ya Uchukuzi wa Mazao

Hapana mkulima asiyejua kwamba kazi ya shamba haimaliziki siku ya kuvuna. Mahindi yakiisha kupukuchuliwa na kutiwa magunia bado yako shambani, na mnunuzi yuko mjini. Kati ya shamba na mji kuna njia, na katika njia hiyo ndipo faida ya watu wengi inapopotelea. Mwenye gari huja na bei yake aliyoikata mwenyewe, na mkulima asiye na kitu cha kuchukulia mzigo hana la kujibu, maana mvua iko juu na panya wako chini.

Ndiyo sababu mtu akipata fedha kidogo, au akisikia kwamba benki inakopesha, fikira ya kwanza inayomjia ni kununua lori. Fikira hiyo si ya upumbavu. Lakini kabla hajatia sahihi yafaa apime jambo moja ambalo wauza malori hawalitaji: je, anachokosa ni injini, au ni sanduku lenye magurudumu?

Lori ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Mbele kuna injini, na gia zake, na dereva wake, nacho ndicho kitu cha thamani kubwa. Nyuma kuna sanduku la mbao au la chuma, ambalo fundi mzuri wa mjini aweza kulitengeneza. Sanduku likisimama kungoja wapakiaji, injini nayo imesimama. Sanduku likikaa miezi sita bila mzigo, injini nayo imekaa, na thamani yake inapungua kila mwezi. Tela, ambayo wengine huiita trela, ni sanduku peke yake. Hainywi mafuta, haihitaji dereva wakati imesimama, na yaweza kungoja mzigo wiki nzima chini ya mti bila kumtia mwenyewe hasara ya kuonekana.

Watu wa reli walilijua jambo hili tangu mwanzo. Reli ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, haikutiwa injini katika kila behewa. Injini moja ilivuta mabehewa mengi, ikaacha moja stesheni lipakiwe, ikaenda zake, na katika kurudi ikachukua lililojaa. Hata leo mtu akisimama kando ya barabara ya Mombasa ataliona jambo lile lile. Yale magari marefu yachukuayo makontena kutoka bandarini ni kichwa na tela. Kichwa chaweza kuiacha tela moja ipakuliwe, kikafunga nyingine na kuondoka. Basi matajiri wa uchukuzi, ambao riziki yao yote hutoka barabarani, ndio wanaotumia tela kuliko watu wote.

Sasa na uchukuliwe mfano wa ndugu wawili wa Trans Nzoia. Watu hawa ni wa kuwaziwa tu, lakini shida yao ni ya wengi. Baba yao amefariki, amewaachia ekari 15 mahali palipo kilomita 18 kutoka Kitale, pamoja na trekta kuukuu ambalo hulima shamba lao na mashamba ya majirani kwa ujira. Katika mwaka mzuri ekari moja huwapa magunia 20, yaani jumla yake magunia 300. Gunia lenyewe ni la kilo 90, kipimo kilichokaribiana sana na gunia la zamani la ratili 200. Ndugu mkubwa ataka kununua lori la tani 7. Benki iko tayari kumkopesha, ila yataka hati ya shamba iwe rehani.

“Mdogo wangu,” asema mkubwa, “mpaka lini tutangojea gari la wachuuzi? Mwaka jana walikuja mvua ikinyesha, wakatupunguzia bei mbele ya mama, nasi tukakubali kwa kuwa magunia yalikuwa nje.”

“Kaka, hayo sikatai,” ajibu mdogo. “Lakini tuhesabu kwanza.”

Nao wakahesabu. Lori la tani 7 huchukua magunia 77. Magunia 300 ni safari 4, na kwa safari 2 kila siku ni kazi ya siku 2. Tela ya tani 3 huchukua magunia 33. Safari 9 zitachukua magunia 297, na yale 3 yanayosalia si kitu, maana hapana nyumba iuzayo mahindi yake yote isibakize ya kula. Trekta lenye mzigo katika barabara ya udongo huenda kama kilomita 15 kwa saa. Kwa hiyo kufika Kitale ni saa moja na dakika 12, na kurudi ni hivyo hivyo. Safari 2 kwa siku zawezekana bila kumchosha mtu kupita kiasi, ikiwa wapakiaji wapo. Safari 9 basi ni siku 5.

Tofauti ya lori na tela, kwa mavuno yote ya mwaka mzima, ni siku 3. Siku hizo 3 ndizo ambazo hati ya shamba la marehemu ilitaka kuwekewa rehani.

Mkubwa hakushindwa upesi. Alisema kwamba lori halitakaa bure, kwa kuwa atawachukulia majirani. Maneno haya husemwa na kila anunuaye lori, nayo yana ukweli wa nusu. Majirani huvuna wakati ule ule anaovuna yeye, kuanzia Oktoba mpaka Desemba, na malori ya mjini nayo huja wakati huo huo kutafuta mizigo ile ile. Mwezi wa Februari hapana mzigo. Mwenye lori sharti aufuate mzigo Eldoret, au Nakuru, au mbali zaidi, akilala njiani na kumlipa dereva na taniboi posho. Hapo amekwisha kuwa mtu wa uchukuzi, na shamba linalimwa na nani? Uchukuzi ni kazi ya heshima, ila ni kazi mbali na ukulima, nayo ina mafundi wake walioianza zamani.

Wakati lori limelala, gharama zake hazilali. Mkopo hulipwa kila mwezi pamoja na riba. Bima haiulizi kama gari lilitembea. Ukaguzi wa kila mwaka unangoja. Dereva mzuri asipopewa mshahara katika miezi ya kiangazi huenda kwa tajiri mwingine, na mwezi wa mavuno hupatikana dereva mbaya. Mipira sita iliyo chini ya gari, na wa saba ulio wa akiba, huliwa na jua hata kama haikusagwa na barabara. Betri nayo hufa kwa kukaa. Tela ya ekseli moja ina mipira miwili, beringi za kutia grisi, na mbao za sakafu za kubadili zikioza. Nayo ina karatasi zake na bima yake, asidanganywe mtu kwamba haina. Lakini gharama hizo ni ndogo, na mwenyewe aweza kuzilipa kwa mahindi ya shamba lake.

Tena kuna jambo la majira, ambalo ndugu wale hawakuliona mara moja. Katika Trans Nzoia trekta hulima kuanzia Januari mpaka Machi, kabla ya mvua ya masika. Mahindi yakiwa katika magunia, trekta halina kazi. Injini waliyokuwa wakitaka kuiendea benki ilikuwa uani kwao, imefunikwa turubali.

Na tela yaweza kuwapa bei kuliko walivyodhani. Bodi ya Nafaka na Mazao haipokei mahindi yenye unyevu uliozidi asilimia 13.5. Mtu aliyekodi lori hulipia lori zima, hivyo hulijaza siku ile ile, mahindi makavu na mabichi pamoja, kisha hurudishwa mlangoni au hukubali bei ya mchuuzi anayesimama nje ya ghala akimngojea. Mwenye tela huchukua yale yaliyokauka. Mengine huyaanika, akayapeleka Alhamisi.

Mama yao alikuwa akisikiliza. Aliuliza neno moja tu: lori likiharibika mwaka wa kwanza, benki itachukua lori au shamba? Jawabu ni kwamba benki itachukua kile kilichoandikwa. Ikiwa vyote viwili vimeandikwa, itauza lori kwanza, na lori lililovunjika haliuziki kwa bei ya deni. Deni linalobaki litatafutwa katika shamba. Kwa ajili ya hatari hiyo Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 iliweka kwamba shamba la kilimo haliwekwi rehani ila kwa kibali cha bodi ya ardhi ya mahali hapo. Bodi hiyo ni mahali pa kusema, na mama mwenye kutia shaka asione haya kwenda kusema mbele yake.

“Na heshima je?” akauliza mkubwa, alipoona hesabu zimemwelemea. Wengi hawaliuliza swali hili kwa sauti, lakini limo moyoni mwa kila anunuaye lori jipya, na si haki kulicheka. Mtu aliyepunguziwa bei mbele ya mama yake ataka kuonekana. Itoshe kusema kwamba katika mwezi wa mvua, katika udongo mweusi, lori huzama mpaka ekseli, na kitu kinachoitwa kuja kulitoa ni trekta.

Katika nchi ya miwa, kuanzia Muhoroni na Chemelil mpaka Mumias, ambako kiwanda kilianza kusaga mwaka 1973, watu wamelizoea jambo hili miaka mingi. Muwa ukikatwa huanza kupoteza sukari yake, hivyo haufai kulala shambani. Trekta hufika na tela tupu, likaiacha kwa wakataji, likafunga ile iliyojaa na kwenda zake kiwandani. Wakati wakataji wanapakia, injini iko barabarani. Mwenye lori moja hawezi kufanya hivyo. Wakipakia yeye hungoja, na mstari ukiwa mrefu kwenye mizani hungoja tena. Chama cha ushirika chenye tela mbili na trekta moja la kukodi chaweza kuchukua mizigo mingi kuliko watu wanavyotazamia, mradi pawe na mtu mmoja mwenye daftari na ufunguo. Tela ya watu wote isiyo na mwenye daftari huonekana mwishowe kwa mwenyekiti, imejaa kuni zake.

Asiye na trekta wala wa kumkodisha asione kwamba maneno haya hayamhusu. Gari la ng'ombe au la punda ni tela vilevile, na huko Mwea mpunga mwingi umetoka mashambani nyuma ya punda. Mnyama huyo apewe maji, asipakiwe kupita nguvu zake, na nira isimchubue.

Lakini haki itendeke kwa lori nalo. Mwenye maziwa ya kupeleka kila asubuhi, mwenye mboga zinazonyauka, mwenye samaki, hao wanahitaji mwendo, na trekta halina mwendo. Kutoka Kitale mpaka Eldoret ni karibu kilomita 70. Trekta litatumia saa nne au zaidi, huku mstari wa magari ukilifuata nyuma kwa hasira. Mtu mwenye mzigo wa kila siku, wa mwaka mzima, katika barabara ya lami, na aliyeweka akiba ya kutosha hata asiweke rehani nyumba yake, huyo na anunue lori.

Yasalia kusema jinsi tela inavyofungwa na kuvutwa, na hapa msikilizaji na asikilize sana, maana tela haina huruma kwa asiyeijua.

Kwanza ni mahali pa kufungia. Mkono wa tela hufungwa chini, mahali palipotengenezwa kwa kazi hiyo nyuma ya trekta, chini ya ekseli. Watu wengine, wakiona trekta linateleza, hufunga mnyororo juu, kwenye ekseli au kwenye tundu la juu la plau. Hapo trekta likivuta kwa nguvu huinuka magurudumu ya mbele na kupinduka kinyumenyume, likamwangukia dereva. Hufanya hivyo upesi kuliko mtu anavyoweza kukanyaga klachi. Pini ya kufungia nayo iwe na kipini cha kuizuia isiruke, na pawe na mnyororo wa pili wa salama.

Pili ni upakiaji. Tela ya magurudumu mawili ni kama mizani. Magunia yakirundikwa nyuma, mkono wa tela huinuka na kuinua nyuma ya trekta, na magurudumu ya trekta hukosa kushika ardhi. Yakirundikwa yote mbele, uzito hukandamiza nyuma ya trekta, mbele huwa nyepesi, na usukani hautii. Yafaa kuanza juu ya ekseli, kisha kwenda mbele na nyuma, mbele pakizidi kidogo tu. Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, aliitumia siri hiyo. Trekta lake dogo la rangi ya kijivu lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1946 mpaka mwaka 1956, zaidi ya matrekta 500,000. Ekseli ya tela yake iliwekwa nyuma makusudi, ili sehemu ya uzito wa mzigo ikalie magurudumu ya nyuma ya trekta na kulifanya lishike ardhi. Hivyo mzigo wenyewe ulisaidia kujivuta.

Lakini trekta hilo lilikuwa na uzito uliozidi kidogo tu tani moja. Tela ya tani 3 nyuma yake ni sawa na mtu anayeteremka mlima akisukumwa na watatu. Ndiyo maana tela nzito sharti iwe na breki zake yenyewe, na dereva sharti aingize gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, si katikati ya mteremko. Akikanyaga klachi njiani amejiachilia. Akifunga breki za trekta peke yake kwa ghafula, tela huja upande na kumkunja kama kisu cha kukunja. Katika kurudi nyuma, usukani hugeuzwa kinyume: atakaye tela iende kushoto hugeuza usukani kulia. Jambo hili lajifunzwa uwanjani, siku isiyo na mzigo, si kwenye lango la ghala mbele ya watu.

Tatu, watu wasipande juu ya magunia. Ni desturi ya siku ya soko, kina mama na watoto wakirudi nyumbani wakiimba juu ya tela. Tela haina chemchemi za kupunguza mtikiso, na aangukaye mbele huanguka njiani mwa magurudumu. Hapana dereva aliyewahi kulisimamisha trekta kabla ya gurudumu hilo kupita.

Nne ni taa. Katika barabara za mashamba ya miwa watu wengi wamekufa kwa kugonga usiku tela iliyosimama au iliyokwenda polepole bila taa nyuma. Waya wa taa hukatika kwa urahisi, na wengi hawautengenezi kwa kuwa wanakusudia kurudi kabla ya magharibi. Mipira haijui magharibi. Vioo vyekundu vya kurudisha mwanga ni bei ndogo, navyo havitaki waya. Viwekwe vinne, viwili nyuma na kimoja kila upande, na vifutwe tope kila safari.

Mwenye kununua tela iliyokwisha kutumika asitazame rangi, maana rangi huficha. Aingie chini yake atazame mahali mkono unapoungana na fremu, kama pamepasuka na kuunganishwa tena kwa moto. Ainue kila gurudumu kwa jeki, alishike juu na chini, alitikise. Likicheza, beringi zimekwisha. Alizungushe na kusikiliza. Ayapime magurudumu yote mawili kama yanatazama mbele sawasawa, kwa kuwa ekseli iliyopinda hula mipira kila msimu. Mwisho aombe karatasi. Katika Kenya tela huandikishwa kwa namba yake yenyewe, ianzayo kwa herufi Z, mbali na namba ya gari linaloivuta. Muuzaji asemaye kwamba namba iko ila karatasi ziko kwa shemeji yake Nairobi, na aachwe azifuate kwanza, na fedha zibaki nyumbani mpaka arudi nazo.